Njia ya Siyu Ambayo Bi Rawiya Hakuitaja

Shangazi yangu, Bi Rawiya, ametembea visiwa vyetu kwa miguu zaidi ya miaka arubaini, na sijui safari yake hata moja aliyokwenda bila ya kuwa na jina la mtu mdomoni. Kazi yake ni kualika harusi. Kwetu Amu, na kule Pate, Siyu, Faza na visiwa vidogo vya kaskazini, kadi ya harusi ni pambo la kuegemeza kwenye kioo cha kabati, na ujumbe wa simu, hata ukija na picha ya maua na dua, hauhesabiki. Mwanamke huwa hajaalikwa mpaka mwanamke mwenzake asimame mlangoni pake, amtaje jina lake na la baba yake, amwambie nani anaolewa, siku gani, nyumba gani, kisha angoje neno moja kutoka ndani: "Tumepokea." Mwenye kazi hiyo tunamwita mwalishi. Asipofika mlangoni kwako, hukualikwa, na huendi, hata kama bibi harusi umemlea wewe.

Alizaliwa Siyu, akaolewa Amu, na alipokuwa na miaka ishirini na sita mumewe alifariki wakiwa hawana mtoto. Mwanamke aliyekuwa akialika mtaa wetu wa Mkomani wakati huo alikuwa ameanza kuzeeka na kuchanganya nyumba. Basi wakamjaribu shangazi kwa harusi moja ya mtaani, nyumba sitini. Hakuandika kitu. Alisema majina hayakai kichwani, yanakaa njiani: hili liko penye kona ya msikiti, lile penye ngazi iliyobomoka, lile chini ya mlimau unaochungulia ukutani. Akitembea yanamjia moja moja. Akikaa kitako hana hata moja. Zile sitini alizimaliza kabla ya adhuhuri bila ya kuruka mlango, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtafuta mtu mwingine.

Ni mwanamke mwembamba, mwenye hatua fupi za haraka, na sauti ambayo haipandi lakini inafika jikoni. Akiwa nyumbani ni mzito wa maneno. Unaweza kukaa naye kutwa nzima asikuambie zaidi ya umpe kikombe. Njiani ndipo anapozungumza. Nilipokuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nikaanza kufundisha hapa mjini, nilizoea kufuatana naye siku za likizo, na yale ninayoyajua juu ya maisha yake nimeyasikia nikiwa nyuma yake hatua mbili, nikiuangalia mgongo wake.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, alikuja kwetu mwanamke kutoka ofisi moja ya pale ukingoni mwa bahari. Jina lake Nkatha, mtu wa Meru, mchangamfu, viatu vyake vimejaa mchanga. Alikuwa akiandika kijitabu cha wageni wanaopenda kutembea kwa miguu, na kila aliyemuuliza alimwambia aende kwa Bi Rawiya. Nikawawekea kahawa na tende. Nkatha akafungua daftari lake.

"Bi Rawiya, mgeni akiwa na siku moja tu ya kutembea, unampeleka njia gani?"

"Yuwaenda kwa nani?"

"Haendi kwa mtu. Anatembea tu."

"Hana pa kwenda?"

"Anaangalia mandhari."

Shangazi akanigeukia. "Maskini," akasema kwa sauti ya chini, "na ametoka mbali hivyo."

Nkatha alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Basi tufanye hivi. Usifikirie mgeni. Wewe mwenyewe, katika njia zote ulizopita, ni ipi ungependa kuirudia kesho?"

Shangazi aliinuka akaanza kutembea mle chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, na hapo ndipo maneno yakaja.

Alianza na ile ya kutoka Shela hadi Kipungani, kwa ufuoni. Utoke baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yanakupwa, mchanga uwe mgumu kama sakafu. Bahari iko kushoto, milima ya mchanga kulia, na kwa saa tatu huoni nyumba wala moshi wa nyumba. Kwanza unasikia mawimbi, akasema. Baadaye huyasikii tena, unasikia pumzi zako. Baadaye nazo zinapotea. "Hapo ndipo mahali penyewe," akamwambia Nkatha.

"Panaitwaje?"

"Hapaitwi."

Nkatha akaandika hivyo hivyo.

Ya pili ilikuwa Kiwayu. Kuna mgongo wa kilima katikati ya kisiwa, mwembamba, na mtu akisimama juu yake ana bahari kuu upande mmoja ikinguruma, na upande wa pili maji ya ndani yametulia kama yamemiminwa kwenye sinia. Sikio hili lina kelele, sikio hili lina kimya. Shangazi alifika pale mara ya kwanza kwa ajili ya nyumba tatu tu, harusi ya watu wa Faza. Alisimama juu ya mgongo ule hadi kivuli chake kikamrudia miguuni, na aliposhuka, jina la mwanamke wa nyumba ya tatu lilikuwa limemtoka. Akapanda tena kilima chote. Jina lilikuwa juu kule linamngoja.

Na Ndau, akasema, ukizunguka kisiwa maji yakiwa yametoka, matope yamechorwa nyayo za ndege mstari kwa mstari kama ubao wa chuoni, hutaki kukanyaga. Na njia ya mashambani ya Matondoni, lakini si wakati wote, ni zile siku chache baada ya mvua, vidimbwi vikiwa na vipepeo weupe pembeni wanakunywa, na punda wanawapisha. Nilimsikiliza nikashangaa. Miaka yote nilidhani anaangalia mbele tu.

Nkatha alikuwa na ramani. Aliikunjua juu ya mkeka, akaweka kidole kwenye kisiwa cha Pate. "Na hii? Kutoka Pate mjini hadi Siyu. Watu wananiambia ni nzuri sana."

Shangazi aliinama akakusanya vikombe, na kimoja kilikuwa bado na kahawa.

"Hiyo siiyui," akasema.

Ni njia aliyozaliwa mwisho wake. Nkatha hakulijua hilo, na mimi nikampokea shangazi vikombe.

Sababu ilikuwa harusi yangu.

Nilipoolewa, miaka ishirini na moja iliyopita, shangazi alikwenda mwenyewe kunialikia Siyu. Kule alifikia kwa Hadia, kama kawaida yake. Hadia na yeye walisoma chuo kimoja cha Kurani, walitogwa masikio siku moja, na kabla hawajaolewa walikuwa na sanduku moja la nguo. Shangazi alilala kwake siku tatu. Alikula chakula chake, alivaa kanga zake, akatoka kila asubuhi kwenda kualika mtaa mmoja na kurudi jioni. Siku ya nne akaaga, akarudi Amu. Harusi ikafika, watu wa Siyu wakaja mashua nzima, na Hadia hakuwamo.

Shangazi alipouliza, akaambiwa kwamba Hadia amesema hakualikwa.

Na ni kweli, hakualikwa. Shangazi alisimama mlango wa kulia wa Hadia, akasimama mlango wa kushoto, na mlango wa Hadia aliupita akiingia na kutoka mara kumi bila ya kusema yale maneno, kwa sababu kwake yeye Hadia hakuwa wa kualikwa. Hadia alikuwa upande huu wa harusi, upande wa wenyewe, pamoja na vyungu na masinia. Unamwalikaje mtu ambaye umeivaa kanga yake? Lakini Hadia, kwa upande wake, alikaa siku tatu akingoja kutajwa jina kama wanawake wote wa Siyu. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeweza kuomba radhi. Mwaka wa kwanza walisema ni jambo la kupita. Mwaka wa tano shangazi aliacha kualika Siyu. Alimwachia Nusra, mwalishi wa Faza. Ndoa yangu ilivunjika mwaka wa nane, mume wangu akahamia Malindi, na ugomvi wa harusi ile ukabaki mzima, bila ya harusi yenyewe.

Mwaka huu binti yangu Huwaida akachumbiwa, nikaha ikapangwa baada ya Idi. Wakati huo huo daktari alimwambia shangazi kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho na yatahitaji kupasuliwa zamu yake ikifika. Tayari alikuwa anaona milango kama watu wanavyoona milango ndotoni, kwa umbo lake tu. Magoti nayo yalikuwa yamezidi kumuuma. Nikamwambia nitamtafutia Nusra kwa visiwa vyote, yeye akae apokee wageni.

"Siyu nitakwenda mimi," akasema.

"Na mlango wa Bi Hadia?"

"Ndio niuendeao."

Tulikuwa tunatembea ukingoni, ndiyo maana alijibu. Akaenda hatua nyingi kabla hajaongeza. "Aliyenijua nikiwa na meno ya utoto amebaki yeye tu, Swafiya. Wengine wote wamekwisha. Akifa hajanipokea, au nikifa mimi, basi yule mtoto wa Siyu hakuwako." Kisha akasema jambo ambalo nililiona limemsumbua miaka yote. "Nikimwalika kama watu, nimemfanya mtu wa nde, si wa nyumbani. Nisipomwalika, nimerudia lile lile. Siyui nisimame vipi."

Tulipanda mashua ya abiria mpaka Mtangawanda, tukaalika Pate siku nzima, tukalala kwa binamu yetu, na asubuhi ya pili, baada ya kuswali, tukashika njia ya Siyu. Pale penye magofu alisimama mwendesha pikipiki, mtu mzima mwenye ndevu za hina, akatutazama juu chini.

"Bi, hadi Siyu ni mbali. Siku hizi hata mabibi harusi hupanda pikipiki."

"Na ndiyo maana hurudi kwao upesi," akasema shangazi, akampita.

Yule bwana alicheka peke yake nyuma yetu kwa muda mrefu.

Sijui nieleze vipi njia ile. Mwanzo wake ni kuta za kale zilizoliwa na miti, na katikati ya kuta watu wamelima tumbaku, majani mapana ya kijani yamelala penye vyumba vya masultani kama mikeka iliyotandikwa kwa wageni ambao hawajafika. Umande ulikuwa haujakauka. Shangazi alitembea akigusa kila ukuta kwa ncha za vidole, na kila ukuta ulipokwisha mkono wake ulibaki hewani kidogo. Kisha mashamba yakawa machache, ikaja nyasi, minazi mmoja mmoja, mikoma iliyogawanyika matawi kama mikono ya mtu anayeuliza kitu. Ardhi inapanda kidogo na kushuka kidogo, hujui unapopanda wala unaposhuka, unajua tu kwamba pumzi imebadilika. Ng'ombe wa Siyu walitutazama bila ya kuacha kutafuna.

Magoti yake yalitulazimisha kupumzika mara kwa mara, lakini hakukubali kukaa. Alisema mwalishi akikaa kabla ya mlango wa kwanza, majina yatamwagika. Alisimama tu, ameegemea mwavuli, macho ameyafumba, na mara moja nikadhani amelala hali amesimama.

"Kuna nini mbee yetu?" akauliza.

"Kuna mti mkubwa wa mkwaju, halafu njia inagawika."

"La, kabla ya mkwaju. Upande yua linakotoka."

Nikaangalia. "Kuna bonde dogo. Lina maua ya zambarau."

"Basi yako bado," akasema, na akafumbua macho ambayo hayakuweza kuyaona. "Tulikuwa tukikimbia hapa na Hadia kutoka chuoni. Mwalimu alidhani tumekwenda kuteka mai. Tulilala mle, tukiyatazama mawingu, na yeye alikuwa akinambia, lile ni Bara Hindi, lile ni Maskati, lile ni Amu. Amu ilikuwa wingu dogo kabisa. Nilipochumbiwa Amu alinicheka siku saba."

Nilielewa kwamba njia zote alizompa Nkatha, Kipungani na Kiwayu na Ndau, alikuwa amezitembea baada ya hii, na kwamba alizipenda jinsi mtu anavyopenda watoto wa watu wengine. Tuliendelea. Jua lilipanda, upepo wa kusini ukatupiga ubavuni, nyasi zikalala upande mmoja na kuinuka, zikalala na kuinuka. Kuna saa katika njia ile ambayo sina uhakika nayo. Nakumbuka mgongo wa shangazi, mwavuli mweusi, na vipepeo wawili waliotangulia mbele yake kwa kitambo kirefu kama waliotumwa. Nakumbuka kwamba sikuwaza kitu, na kwamba kutowaza hakukunihuzunisha, jambo ambalo kwangu ni nadra. Kisha zikasikika sauti za kuku, na Siyu ikawa mbele yetu.

Mtaa wa Hadia una nyumba kumi na moja upande ule. Yake ni ya saba. Shangazi alijinyoosha buibui, akafuta uso, akaanza na ya kwanza. Sauti ilikuwa ile ile. Mlango wa pili, wa tatu. Wanawake walimtambua, wakamshika mikono, wakataka aingie, akawaambia baadaye. Kila mmoja aliyesema "Tumepokea" aliutupia jicho mlango wa saba, kwa sababu Siyu nzima ilijua. Kwenye mlango wa sita mwenye nyumba hakurudi ndani. Alibaki kizingitini na mwiko wake mkononi.

Bi Hadia alikuwa ameketi ukumbini, mlango wazi, anashona kofia. Ni mnene kuliko nilivyomkumbuka, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliona vivuli vyetu viwili, akaendelea na sindano yake.

"Ingieni," akasema. Si zaidi.

"Siingii," akasema shangazi. "Nna maneno."

"Sema basi. Mlango ni wako tangu zamani, umeuingia sana."

Shangazi alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Nilidhani atababaika, lakini alisema kama alivyosema kwenye milango sita iliyotangulia, si kwa upole zaidi wala kwa haraka zaidi. "Hadia binti Harith. Nimetumwa na Swafiya binti Uthman. Yuwakualika harusi ya binti yake Huwaida. Nikaha ni Alhamisi baada ya alasiri, kupamba ni Ijumaa, nyumbani kwao Mkomani. Umealikwa wewe na wote waliomo nyumbani mwako."

Hadia alikata uzi kwa meno.

"Sauti imezeeka," akasema. "Maneno yamekaa sawa."

"Umepokea?"

"Mwalishi haulizi, Rawiya. Mwalishi hungoja."

Tukangoja. Jirani mwenye mwiko alisogea karibu. Hadia aliweka kofia gotini, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Hiyo ni ya Huwaida," akasema. "Iko nyingine kabla yake. Ulikaa hapa siku tatu. Jioni ya kwanza ulinihesabia nyumba ulizoalika, nami nilikuwa napepeta mchele, nikakusikiliza. Jioni ya pili ukanihesabia. Jioni ya tatu ukafika mtaa huu. Ukasema, kwa Shukri, kwa Mwana Hindi, kwa mke wa Gharib. Kisha ukasema kwa Bi Jeilani, ambaye ni mlango wa nane. Nikanyanyua uso. Nikasema labda yuwaniwekea mwisho. Ukasema, alhamdulillahi, nimemaliza Siyu. Na ukaniomba maji."

"Nilidhani wewe ni mimi," akasema shangazi.

"Hata mimi. Lakini mimi nilitaka kuitwa."

Shangazi alisogeza mguu, goti likamuuma, nikataka kumshika akanikataza kwa bega. "Harusi ile imepita, Hadia. Hata ndoa yake imepita." Akanigeukia kidogo, kama anayeniomba msamaha kwa kulisema hilo mbele ya watu.

"Naijua imepita. Sikuambii niende. Nakwambia nialike."

Sikumwangalia yeyote. Nikasema, "Sema, shangazi."

Nilimwona akifanya kile ambacho watu wengine hukifanya kwa kufumba macho ili wakumbuke: alipiga hatua mbili nyuma, akatoka kizingitini, akarudi barabarani, akatembea hadi mlango wa sita, akageuka, akaja tena mlango wa saba kana kwamba ndiyo kwanza anafika kutoka Amu, mwanamke wa miaka arubaini na kitu mwenye magoti mazima. Akasimama.

"Hadia binti Harith. Nimetumwa na ndugu yangu Uthman. Yuwakualika harusi ya binti yake Swafiya. Nikaha ni Jumatano, mwezi ishirini na moja Shaabani, baada ya isha. Kupamba ni Alhamisi. Nyumbani kwao Mkomani. Umealikwa wewe na wote waliomo nyumbani mwako."

Alikuwa anaikumbuka tarehe. Mimi mwenyewe ningelazimika kuitafuta. Na wakati maneno yale yanapita juu yangu, jambo lilinitokea ambalo sijamwambia mtu: kwa muda wa sentensi nne au tano ndoa yangu ilikuwa haijaanza. Baba yangu alikuwa hai. Kitanda kilikuwa hakijaletwa. Yule kijana aliyekuja kuhamia Malindi alikuwa bado mtu ambaye nitamwona Jumatano, na nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikajionea, lakini kwa mbali na bila ya uchungu, kama unavyowaangalia watu wanaovuka mlangobahari kwenye chombo kilekile ulichoshuka.

"Tumepokea," akasema Hadia.

Kisha akainuka, kwa shida, akaja hadi mlangoni akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Hongera, mwanangu," akasema. "Mola awape kheri, wewe naye."

"Amin," nikajibu. "Ahsante, mama." Sikuona haja ya kusahihisha.

Shangazi alimaliza milango iliyobaki, ya nane hadi ya kumi na moja, kisha mitaa mingine, na adhuhuri tukala kwa Hadia wali na samaki wa kuokwa. Walizungumza habari za watu waliokufa. Walibishana juu ya chumvi. Lakini la Huwaida halikutajwa, na kila Hadia alipofungua mdomo nilimwona shangazi ameacha kutafuna. Alikuwa amepokelewa kwa harusi iliyopita. Kwa hii inayokuja alikuwa bado anasimama mlangoni, na hakuruhusiwa kuuliza.

Alasiri ilipokaribia tukaaga. Hadia akavaa buibui kutusindikiza. Desturi ni hatua chache, hadi mwisho wa mtaa. Akaupita mwisho wa mtaa. Akaipita ngome ya Siyu. Wazee wawili walitembea mbele yangu, mmoja hana magoti, mmoja hana pumzi, hakuna aliyemshika mwenzake na hakuna aliyemtangulia mwenzake. Pale penye visima, ambapo pikipiki husubiri abiria, Hadia akasimama.

"Huwaida anaolewa Alhamisi," akasema.

"Alhamisi," akasema shangazi.

"Waambie wageni waje Alhamisi." Alimrekebishia shangazi ukosi wa buibui, kwa ukali, kama mtu anayemvisha mtoto. "Mimi nitakuja Jumatatu. Mna mchele wa kuchambua."

Mdomo wa shangazi ulikuwa ukienda.

"Mchele tumenunua uliokwisha kuchambuliwa," akasema hatimaye. "Wa magunia."

"Na nani?"

"Na mashine."

"Basi nitauchambua tena," akasema Hadia, akageuka kurudi mjini.